Wimbo wa Wafanyakazi wa Belfast



Tunapowafundisha vijana historia ya viwanda, mara nyingi tunazisifu mashine na kuwasahau watu walioziendesha. Leo naomba tuwakumbuke wafanyakazi wa Belfast, katika jimbo la Ulster, kaskazini ya Ireland.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huo ulivuma duniani kwa nguo za kitani na kwa meli. Hapo ndipo Titanic iliposhushwa majini tarehe 31 Mei, 1911. Lakini katika viwanda vya kusokota kitani, wanawake na wasichana walisimama pekupeku juu ya sakafu iliyolowa maji, huku wamezungukwa na mvuke. Penye kuchambuliwa nyuzi, vumbi liliwaharibu mapafu. Watoto walifanya kazi siku moja na kwenda shule siku ya pili. Mwalimu yeyote aweza kukisia mtoto huyo alifika darasani na nguvu gani.

Mwaka 1907 James Larkin aliwaunganisha makuli wa bandari na waendesha mikokoteni, Wakatoliki kwa Waprotestanti, katika mgomo mkubwa. Mwaka 1911 baadhi ya waajiri wa kitani waliweka amri kwamba atakayeimba, kucheka au kuzungumza kazini atozwe faini. Wanawake wakagoma. Hawakuwa na akiba ya kuuendeleza mgomo, na James Connolly akawashauri warudi kazini kwa pamoja: mmoja akikemewa kwa kuimba, basi wote waimbe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ni rahisi kumkata mmoja ujira wake. Si rahisi kukiadhibu chumba kizima kinachoimba.

Ndugu zangu, umoja huo haukudumu. Mwezi Julai, 1920, maelfu ya Wakatoliki walifukuzwa katika viwanda vya meli, pamoja na Waprotestanti waliojulikana kwa kutetea wafanyakazi. La kusikitisha ni kwamba waliowafukuza walikuwa wafanyakazi wenzao, watu wa jasho moja na nyundo moja. Chuki ya dini iliwasahaulisha unyonge wao wa pamoja.

Fundisho lake ni wazi. Umoja wa wafanyakazi haurithiwi kama shamba. Kila kizazi hakina budi kufundishwa upya. Nasi, ndugu walimu, ndio tuliokabidhiwa kazi hiyo.