Mwalimu Aliyetawala Miaka 24

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Upper Hill)



Tumekutana kwenye mlima ambao zamani wakubwa wa reli walijengewa nyumba penye hewa safi, na wazee wetu wakakaa chini kule Muthurwa na Landhies. Hapa karibu, katika Nairobi Hospital, ndipo Mzee Daniel arap Moi alipofariki tarehe 4 Februari 2020. Twataka kusema habari zake, si kwa kumsifu wala kumtukana, bali tupate funzo.

Alizaliwa Sacho, Baringo, mwaka 1924, mtoto wa wafugaji. Alisoma shule ya misheni, kama wengi wetu, kisha akafunzwa ualimu Tambach. Tangu 1946 alishika chaki, mpaka 1955 alipoingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1967 akawa Makamu wa Rais, na mwaka 1978, Mzee Kenyatta alipofariki, akawa Rais. Akatawala mpaka Desemba 2002.

Tuseme kweli: hakusahau shule. Mwaka 1979 watoto wa shule za msingi walianza kupewa maziwa bure, na waliokunywa maziwa yale wangali wanayakumbuka.

Lakini, ndugu zetu, upande wa vyama vya wafanyi kazi habari ni nyingine. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa Serikali kilipigwa marufuku, na watumishi wale wakakaa miaka zaidi ya ishirini bila chama. Mwaka 1989 COTU iliunganishwa na KANU. Mfanyi kazi akabaki kama abiria aliyekata tikiti, lakini hakuulizwa gari laenda wapi.

Sasa tazameni jambo la waalimu wenyewe. Oktoba 1997 waligoma nchi nzima. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu, mwezi wa Desemba. Serikali ikakubali kuwaongeza mishahara kwa asilimia 150 mpaka 200, kwa mafungu ya miaka mitano. Fungu la kwanza likalipwa. Kura zikapita. Serikali ikasema fedha hakuna, na Oktoba 1998 waalimu wakagoma tena, wakarudi darasani mikono mitupu. Aliyekuwa juu ya Serikali hiyo alikuwa mwalimu.

Basi twajifunza nini? Kwanza, mtu hawi wetu daima kwa sababu tu alifanya kazi yetu. Akipanda kiti, husikia sauti za waliomzunguka kitini. Tusipopaza yetu, hataisikia. Pili, ahadi ya majira ya kura ipokeeni, lakini msilale. Mapatano yale yaliandikwa, hata yakatangazwa kisheria, na bado hayakutimizwa. Karatasi bila chama imara nyuma yake ni karatasi tu.

Karibuni tutachagua viongozi wa tawi hili. Msiulize tu, "Je, huyu alikuwa fundi au karani?" Ulizeni, "Atarudi lini kutupa hesabu?" Nasi tutoe ada zetu, tuje mikutanoni, tumwulize. Mwanafunzi asiyeuliza humharibu hata mwalimu mwema.

Umoja ni nguvu.