MIZANI HAINA MJOMBA

(Maneno ya Katibu wa Chama wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Leo hatukuja kuzungumza bei ya pamba. Bei ina siku yake. Leo tuzungumze tabia zetu, maana ndizo zinazoila bei hiyo.

Wazee wanajua kwamba ushirika wa pamba katika mikoa hii ya Ziwa ulizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka mizani yao wenyewe. Kutoka hapo vikaota vyama, na mwaka 1955 vikawa na shirikisho lao la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini mzizi ni ule ule: mkulima asiibiwe kwenye mizani.

Sasa tujiulize, jamani. Leo anayeiba kwenye mizani ni mnunuzi peke yake? Siyo. Na sisi tumo. Tunanyunyiza maji usiku, tunachanganya mchanga, wengine chumvi. Kila mmoja anasema moyoni, "Kikombe changu kimoja hakitaonekana." Vikombe vya watu wote vikikutana ghalani, pamba inapata joto, inaoza, inabadilika rangi. Pamba safi ya mama mjane inalala pamoja na chafu ya jirani, na zote zinalipwa bei ya chafu. Basi tumemwibia nani?

Msimu uliopita karani wetu kijana aliukataa mzigo wa mjomba wake mbele ya watu. Aliingiza mkono ndani ya gunia, ukatoka umelowa. Akasema, "Shikamoo mjomba, lakini huu siupimi. Kauanike." Mnajua yaliyofuata. Ukoo ulimtenga. Arusi yake hawakufika. Akaitwa mtoto asiye na adabu.

Na sisi viongozi je? Tulikuwepo pale. Tuliona maji yakidondoka. Tukatazama pembeni, tukasema ni mambo ya kifamilia. Hapo tulikosa. Tunasema mbele yenu leo: tulikosa, na tunamwomba kijana yule radhi.

Lakini tusimfanye mjomba kuwa shetani. Ni mtu mwema, amezika na kila nyumba hapa. Alikuwa na deni la dawa ya pamba, na ada ya shule. Shida haimgeuzi mtu mwizi kwa siku moja, humfundisha kidogo kidogo. Na sisi tunaonyamaza ndio walimu wake. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Tumejifunza kwamba heshima ya mtu haijulikani anapokuwa mbele ya adui. Adui kila mtu humkatalia. Inajulikana pale anapotakiwa kumkatalia ndugu yake, tena kwa sauti ya upole.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, mkutano uyakubali au uyakatae:

1. Kila gunia lifunguliwe mbele ya mwenyewe na mashahidi wawili, kuanzia magunia ya sisi viongozi.

2. Pamba mbichi irudishwe ikaanikwe, bila matusi. Akirudia mara ya pili, aitwe mbele ya mkutano.

3. Mwenye deni asiende kunyunyiza maji usiku. Aje mchana kwenye kamati aseme. Kusema shida siyo aibu.

Na jambo la nne siyo la kupigiwa kura. Wazee wa ukoo ule, tunawaomba mkamle kijana chakula chake, naye ale chenu. Mizani haina mjomba, lakini karani anaye, na anamhitaji.

Ushirika ni nguvu.