Maongozi ya Mungu na Mateso ya Watu

Hotuba ya wakatekista kwa siku ya jubile



Wengine wamekwisha kusimulia habari za misheni yetu na za mapadri waliotutangulia. Sisi wakatekista tuliombwa kusema juu ya swali tunaloulizwa kuliko yote, hasa karibu na kitanda cha mgonjwa na penye matanga: kama Mungu anatulinda, sababu gani tunateseka?

Sisi tuliopita katika seminari ndogo tulifundishwa neno la kilatini, providentia. Maana yake ni kuona mbele na kutayarisha, kama mama anavyoweka mbegu kabla ya mvua. Kwa Kiswahili tunasema maongozi ya Mungu. Neno ni zuri, lakini watu wanalitumia vibaya.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Moto wake ulishuka hata katikati ya mji wetu wa Goma, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukaunguza maelfu ya nyumba, ukaingia ziwani Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Halafu tulisikia watu wakisema kwamba Goma imeadhibiwa kwa dhambi zake. Basi, kama moto ule ulitumwa kwa wenye dhambi, mbona haukuihurumia katedrali ya Mtakatifu Yosefu? Na nyumba za pombe ngapi zilibaki zimesimama!

Bwana Yezu aliijua hukumu ya namna hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anataja mnara wa Siloe ulioanguka na kuua watu 18. Anakataa wazi kwamba hao walikosa kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu, na anawageuza wasikilizaji wajitazame wenyewe.

Wako pia wanaotaja mapenzi ya Mungu ili wakae bure. Mungu aliumba mlima wenye desturi zake, akampa mtu akili ya kuzichunguza. Mnamo Januari 1977 moto wa Nyiragongo ulikimbia upesi hata watu wengi wakakosa nafasi ya kuondoka. Basi anayeupima mlima leo, na anayewaonya jirani zake, anashirikishwa katika kule kuona mbele kwa Mungu. Hatuoni kwamba kazi hiyo inapunguza imani.

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu anaruhusu ubaya kwa kuwa ana nguvu ya kutoa jema hata humo. Mafundisho hayo tunayashika. Lakini si ya kumtupia mtu anayelia. Rafiki za Yobu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walifanya vema kuliko siku zote zilizofuata, walipoanza kumweleza.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na siku tano baadaye tuliamriwa kuacha sehemu kubwa ya mji. Katika mikimbio hiyo watoto wengi walipotewa na wazazi wao. Mama wawili wa shirika moja walikosa kila mmoja mtoto wake. Wenzao walitembea mpaka Sake, wakiuliza katika mashule na makanisa. Mtoto mmoja alipatikana siku ya nne. Mama yake alitoa shukrani mbele ya altare, akasema Mungu ameongoza njia, nasi tukapiga makofi. Yule wa pili alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma.

Tungemwambia nini huyo? Kwamba maongozi ya Mungu yalipita nyumbani kwa jirani tu? Hatuwezi kusema hivyo, kwa maana Baba hakumshusha Mwanawe msalabani, wala hakuacha kumpenda hata saa ile. Pasaka haikufuta madonda; Tomasi aliyaona. Hilo tunaliamini, na tulimwambia mama huyo polepole, baada ya miezi, alipouliza mwenyewe. Kabla ya hapo wamama walimchotea maji na kulala kwake kwa zamu.

Jina la mtoto wake lingali linatajwa katika maombi ya Dominika. Tunaomba mashirika yote yasiliondoe, hata kama vijana wanaosoma maombi hayo hawamjui.