Siku ya Tano: Upasuaji wa Busha Bila Kulazwa

Mada yangu jioni hii ni busha, ugonjwa ambao watu wa pwani wanaujua kwa macho lakini hawapendi kuutaja. Nautumia kutetea hoja moja. Upasuaji wa mfumo wa mkojo na wa viungo vya uzazi vya mwanamume, ule wa kuingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni, unaweza kuwa utaratibu wa kawaida katika hospitali zetu za wilaya. Sharti lake ni kwamba uangalizi tunaoulimbikiza kwenye usiku wa kwanza tuugawe upya, na sehemu yake kubwa iende kwenye siku ya tano, ambayo tumeitelekeza.

Busha la kwetu kwa sehemu kubwa linatokana na minyoo ya Wuchereria bancrofti inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu, na maji hujikusanya kidogo kidogo kati ya tabaka mbili za utando unaoizunguka korodani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanaume milioni 25 duniani wameathirika hivyo. Tangu mpango wa dunia wa kutokomeza ugonjwa wa minyoo hiyo ulipozinduliwa mwaka 2000, tumegawa dawa kijiji kwa kijiji, na ni kazi ya kujivunia kweli. Lakini dawa hizo hufanya kazi ya kukata maambukizi kwa kuua vimelea vichanga vilivyomo kwenye damu. Busha lililokwisha kujaa halinywei kwa vidonge. Kulivuta kwa sindano ni kuahirisha, maana maji hurudi, na kila tundu la sindano ni mlango wa vijidudu. Mzee wa Lindi au Mafia aliyemeza dawa kila awamu ameikinga jamii yake, naye mwenyewe bado anatembea na mzigo uleule. Deni letu kwake ni upasuaji.

Upasuaji huo hauzidi uwezo wa hospitali ya wilaya, lakini haufai kuitwa mdogo. Unaanza kabla ya kisu, katika chumba chenye giza, ambapo tochi huwekwa nyuma ya uvimbe: maji maangavu huwaka mekundu, ngiri ya utumbo haiwaki. Busha la miaka mingi lenye ukuta mnene nalo linaweza kukataa kuwaka, kwa hiyo mkono hupanda hadi kwenye kinena na mgonjwa huambiwa akohoe, kuona kama kuna kitu kinachoshuka. Anayekosea hapa anaweza kuukata utumbo. Ndani ya chumba cha upasuaji mfuko hufunguliwa, maji humwagwa, sehemu kubwa ya utando hukatwa, na ukingo wake hushonwa pande zote ili usivuje damu. Ushonaji huo wa ukingo ndio kazi yenyewe. Ngozi ya korodani ni legevu. Mshipa mdogo ulioachwa wazi unaweza kujaza damu humo kwa saa nyingi bila kitu cha kuuzuia. Baadhi ya wapasuaji huacha ukanda wa glavu iliyotakaswa utoke kwenye kidonda, damu ipate njia. Kisha korodani hufungwa na kuinuliwa kwa bandeji au chupi ya kubana.

Sasa tujiulize kitanda cha wodini kinalinda nini. Matatizo makubwa ya upasuaji huu ni mawili, damu na usaha, nayo hayaji kwa wakati mmoja. Damu kwa kawaida hujionyesha mapema, nyingi ndani ya siku ya kwanza. Ndiyo sababu mgonjwa anayeenda nyumbani hupasuliwa asubuhi, akaangaliwa hadi jioni: asimame, atembee, anywe maji, akojoe mwenyewe, bandeji ifunguliwe na kutazamwa. Kukojoa ni muhimu hasa pale ganzi ilipochomwa kwenye uti wa mgongo, kwani kibofu huchelewa kuamka. Usaha una kalenda nyingine. Huanza kujitambulisha siku ya nne, ya tano au baadaye, wakati ambapo hata mgonjwa aliyelazwa usiku mmoja ameshaondoka. Usiku ule wodini haukumsaidia kitu kwa tatizo hili. Kwa kidonda kilichoanza kupata usaha, kinachosaidia ni mtu mwenye ujuzi kukifungua na kukitazama siku hiyo ya tano.

Kwa kipimo hicho nazitazama kambi za upasuaji wa mabusha, ambazo zimewapunguzia aibu na maumivu wanaume wengi na ambazo sisemi zifutwe. Madaktari hufika kwa siku chache, hupasua kutwa, kisha hufunga masanduku. Mgonjwa wa siku ya mwisho akifikisha siku ya tano, timu imeshaondoka, na kidonda chake kinaangukia kwa muuguzi wa zahanati ambaye pengine hakuelezwa alichofanyiwa. Hiyo ni nusu tu ya upasuaji wa siku moja. Mwaka 1909 daktari James Nicoll wa Glasgow alichapisha taarifa ya karibu pasuaji 9,000 za watoto waliorudishwa nyumbani siku ileile, wengi wao wa familia maskini. Wengi hukumbuka idadi hiyo. Mimi naona uzito zaidi katika kile alichokizungushia kisu: wauguzi waliowafuata watoto majumbani, na nyumba iliyokodishwa jirani na hospitali kwa ajili ya kina mama wenye wachanga. Karne na zaidi imepita, na somo hilo ndilo tunalolikwepa.

Nyumba ile inajibu pingamizi la kwanza na zito kuliko yote, la umbali. Mtu anayeishi kisiwani au mwisho wa barabara isiyopitika masika hawezi kurudishwa kwao jioni, asije akavuja damu usiku. Ni kweli, na asirudishwe. Lakini anachohitaji ni mahali salama pa kulala karibu na hospitali, pamoja na ndugu yake, si lazima kitanda cha wodi chenye muuguzi wa zamu. Tunazo tayari nyumba za kusubiria kujifungua kwa wajawazito wa mbali. Wazo hilo halina jinsia. Vilevile mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye damu isiyoganda vizuri au asiye na mtu nyumbani alazwe, bila mjadala.

Pingamizi la pili husema tunaiweka kazi ya hospitali mabegani mwa wake na mabinti. Nalichukua kwa uzito, maana lina ukweli. Ila tusijidanganye kuhusu wodi zetu: chakula hutoka nyumbani, nguo hufuliwa na ndugu, na anayelala sakafuni kando ya kitanda ni mke au dada. Kumlaza mgonjwa hakumpumzishi mwanamke huyo, humwongezea nauli. Kitakachompunguzia mzigo ni maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, vifaa vya kubadilishia bandeji alivyokabidhiwa mkononi, na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Limebaki la fedha. Utaratibu wowote wa malipo unaohesabu usiku wa kulala huiadhibu hospitali inayomrudisha mgonjwa mapema, na unaolipa upasuaji peke yake huifanya ziara ya siku ya tano kuwa hisani. Kwa hiyo naomba wapangaji wa bajeti za halmashauri waiandikie ziara hiyo mstari wake, wenye nauli ya mhudumu wa afya wa jamii au ya mgonjwa, na rejista ambamo jina halifungwi siku ya kuruhusiwa, hadi kidonda kitakapotazamwa, na kutazamwa tena siku ya kumi.