HOTUBA YA TAWI: KITI KITUPU DODOMA, NDOO YA MAJI MLANGONI MAGANZO

 

Hotuba hii ilikuwa isomwe kwenye kikao cha tawi. Tumeona tukiwakusanya tutakuwa tunavunja lile tunalolisema, kwa hiyo tunaituma hapa. Mwenye simu amsomee jirani asiye nayo, kwa kukaa mbalimbali.

Tangu 1 Mei wabunge wetu hawaingii bungeni. Mwenyekiti wetu wa Taifa, Kamanda Freeman Mbowe, aliwataka wakae kando siku 14. Ndani ya siku 12 Bunge lilikuwa limezika wenzao watatu: Mama Getrude Rwakatare 20 Aprili, Mzee Richard Ndassa wa Sumve, jirani zetu hapa Kwimba, 29 Aprili, na Balozi Augustine Mahiga 1 Mei. Wote walikuwa wa CCM, na tunawalilia kama Watanzania wenzetu. Hatusemi wamekufa kwa corona. Hilo halikutangazwa, na sisi si madaktari. Chama kiliomba jambo dogo: Bunge lisimame siku 21, wabunge, watumishi na familia zao wapimwe. Halikusimama. Ndipo viti vikabaki vitupu.

Tunajua kuna maneno hapa kijiweni. Wapo wanachama wetu waliotuuliza usoni: "Mbunge analipwa akae nyumbani, mimi nisipotoka leo watoto wangu hawali. Huo si utoro?" Spika Ndugai naye amewaita watoro na kuwataka warudi au warejeshe posho. Swali la mwanachama ni la haki, na hatutalijibu kwa kumwita msaliti.

Jibu letu ni hili. Kiti kitupu hakimtibu mtu. Ni ishara tu, kama bendera nusu mlingoti. Lakini ishara ina kazi yake pale ambapo maneno yamekataliwa. Tangu 29 Aprili, Waziri Mkuu alipotaja wagonjwa 480, hatujasikia tena takwimu za Bara. Siku nne baadaye, 3 Mei, Rais akiwa Chato, hapo kwa ndugu zetu wa Geita, alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na corona, na kesho yake mkuu wa maabara ya Taifa akasimamishwa. Kama kipimo kina kasoro, kirekebishwe, kisha tuambiwe hali ilivyo. Kunyamaza hakurekebishi kipimo. Wazee walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kuhusu posho, msimamo wa tawi tumeuandika na kuupeleka ngazi ya kata upande juu: mbunge aliyesusia kikao asile posho ya kikao hicho. Ishara isiyomgharimu anayeitoa, mwananchi haiamini. Na hao wabunge wanne waliofukuzwa uanachama wiki hii kwa kuendelea kuingia bungeni, Kamati Kuu imeshaamua. Tunaomba wanachama wasiwatukane mitandaoni. Walikuwa wenzetu jana.

Sasa tuje Maganzo. Kwa nini jambo la Dodoma lituhusu sisi?

Kwanza, mgodi wa Mwadui umesimamisha uzalishaji tangu mwezi uliopita. Mnunuzi wa almasi haji, mama ntilie hauzi, bodaboda anashinda chini ya mti. Njaa imeshaingia kwetu kabla ya ugonjwa. Pili, mji wetu uko barabarani. Magari ya Mwanza na Shinyanga yanapita usiku na mchana, na abiria wanashuka hapa. Tatu, na hili ndilo linalotunyima usingizi, vifua vyetu vimekula vumbi. Wachimbaji wa hapa na wa Geita wanaijua kifua kikuu kwa majina ya ndugu zao waliozikwa. Ugonjwa unaoshambulia mapafu ukimkuta mtu wa namna hiyo, hauji kama mafua.

Kwa hiyo Kamati Tendaji imekubaliana tawi lifanye ishara yake, isiyohitaji kibali wala maandamano. Kuanzia Jumamosi, kila nyumba ya mwanachama iweke mlangoni ndoo ya maji yenye koki, au kibuyu chirizi kwa asiye na koki, na sabuni. Usiweke bendera juu yake. Anayepita anawe, awe wa CCM, awe wetu, awe hana chama. Tukiulizwa maana yake, tujibu: tunafanya kipande chetu, tunaomba serikali ifanye chake.

Pamoja na hayo:

1. Kila balozi wetu wa msingi apitie nyumba zake na kuandika wazee wanaoishi peke yao na waliopoteza kazi. Mwenye debe la mahindi akumbuke mwenye sufuria tupu.

2. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende zahanati akapimwe kifua kikuu. Kipimo ni bure. Asijifiche kwa kuogopa kuitwa wa corona.

3. Asiyelazimika kwenda gulioni asiende. Misiba tuizike kwa watu wachache, na rambirambi zitumwe kwa simu.

4. *Usisambaze idadi ya wagonjwa, picha za mazishi wala majina ya marehemu.* Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na watu wanakamatwa. Zaidi ya sheria, kuna familia inalia. Tunadai takwimu za kweli, kwa hiyo hatuwezi kuwa watunzi wa takwimu za uongo.

5. Barua ya tawi kwa Diwani inaandaliwa. Tunauliza mambo mawili tu: zahanati yetu ina vifaa gani vya kuwakinga wauguzi, na mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa wapi na kwa gari gani. Majibu tutayaleta hapa, yawe mazuri au mabaya.

Makamanda, wabunge watarudi vitini siku zao zikiisha. Ndoo zetu zisiondoke mlangoni siku hiyo. Muuguzi wa zahanati yetu ni mtoto wa hapa hapa, na anayesubiri dawa kwenye benchi ni mama yako.

Hakuna kulala.

Imetolewa na Kamati Tendaji ya Tawi
Maganzo, Kishapu
13 Mei 2020