Kijiti Ndani ya Unga

Leo tuzungumze juu ya kitu kinachokwisha kabla ya siku yake: unga, maji na kuni.

Tuanzie Rubongi, wilaya ya Tororo, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Nyumba nyingi za Uganda zenye umeme hutumia mita ya Yaka, jina linalotokana na neno la Kiganda la kuwaka. Unalipa kwanza, unaingiza namba, ndipo taa zinawaka. Mita yenyewe inaweza kuwa nje, juu ya nguzo, lakini ndani huwekwa kisanduku kidogo kinachoonyesha yuniti zilizobaki. Ukipiga pasi, unaziona zikishuka. Mwenye kulipa bili mwisho wa mwezi hujua akiwa ameshachelewa.

Mwanasayansi wa Marekani, Donella Meadows, alisimulia habari za mtaa mmoja karibu na Amsterdam, Uholanzi. Nyumba zilifanana. Baadhi zilikuwa na mita chini ya ardhi, nyingine karibu na mlango wa mbele, mahali watu wanapopita kila siku. Wenye mita mlangoni walitumia umeme pungufu kwa thuluthi moja. Tofauti ilikuwa ni kuona tu.

Kambini nyumba nyingi hazina mita. Basi tengeneza yako.

Siku ya mgao, mimina unga kwenye ndoo na usawazishe juu. Chomeka kijiti kikavu na safi mpaka chini, kisha kikate pale unga unapoishia. Kigawe sehemu nne sawa na uweke alama kwa kisu. Kila sehemu ni wiki moja. Kila baada ya siku saba, chomeka tena. Unga ukiwa chini ya alama, umejua wiki ya pili, wakati bado unaweza kupanga, si siku ya ishirini na tano sufuria ikiwa tupu.

Kuni nazo, zifunge mafungu ya siku moja moja. Loweka maharage usiku, yataiva upesi na fungu litatosha.

Kwa maji, piga mstari wa mkaa ukutani kwa kila jerikeni ya lita 20 inayoingia. Familia ya watu watano ikipata jerikeni nne, ni lita 80, yaani lita 16 kwa kila mtu. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Usipunguze maji ya kunywa wala ya kunawa mikono. Mistari ikionyesha kila siku mko chini ya 15, wapelekee kamati ya maji hesabu hiyo. Malalamiko yenye hesabu ni vigumu kuyapuuza.

Mama na baba, tahadhari: kijiti si fimbo ya kumkaripia anayepika. Kiwekwe wazi, wote wakione, hata watoto wahesabu.

Wala kijiti hakijazi gunia. Mgao mdogo utabaki mdogo. Lakini nyumba inayoona kilichobaki huamua mapema, na kuamua mapema ni bora kuliko kukopa kwa jirani ambaye naye hana.