Imani ya Mubashara

Katika ufuo wa Dunga, Kisumu, mnunuzi humwamini muuzaji kwa kukutana naye mara kwa mara: humbonyeza samaki aitwaye mbuta, hutazama matamvua, na kesho akirudi na lalamiko humkuta mwenyewe. Muuzaji anayetangaza samaki mubashara kwa simu hujenga imani vivyo hivyo: huja saa ile ile, huwaita watazamaji kwa majina, hujibu maswali papo hapo. Lakini mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyoweza kumwona mtangazaji kuwa rafiki, ilhali mtangazaji hamjui.

Mtasema mubashara ni tofauti, kwani mtazamaji hujibiwa. Ni kweli, na jibu hilo lina thamani. Hata hivyo, kamera huonyesha inapoelekezwa tu, na kuitwa jina si dhamana. Imani ya kweli huzaliwa na uwajibikaji: muuzaji apime samaki mbele yenu mkimwomba, ajulikane kwa kamati ya ufuo, yaani BMU, na arekebishe kosa hadharani. Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, jiulize: samaki akifika ameoza, nitampata wapi muuzaji huyu? Ukikosa jibu, usitume.